Kivuli Kilichobaki Kazini

Subilaga Mwaipaja aliporudi kazini baada ya kukaa nyumbani zaidi ya miaka kumi, alikuta kiti chake kina mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuwa mtu. Kiti kilikuwa kilekile cha pembeni mwa dirisha, katika ukumbi wa waongozaji wa Ndege Tiba jijini Mbeya. Hakuna aliyekikalia. Lakini kutoka kwenye meza iliyokuwa mbele yake ilitoka sauti ambayo Subilaga aliijua kuliko sauti zote duniani, kwa kuwa ilikuwa yake.

Sauti hiyo ilikuwa ikizungumza na muuguzi wa zahanati moja ya huko Chunya, ikimwelekeza mahali pa kumlaza majeruhi ili droni ikishuka isimmwagie vumbi. Ilizungumza upesi na kwa kujiamini, na mwishoni ikamtania muuguzi kidogo hata akacheka. Subilaga alisimama mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani. Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuwa na wepesi ule.

Aliyemtoa pale mlangoni ni Winfrida Mahenge, mkuu wa kituo. Walikuwa wameanza kazi pamoja wakiwa wasichana, wakagawana chumba cha kupanga na sufuria moja. Winfrida alimshika mkono, akampitisha katikati ya meza za vijana waliomtazama kwa macho ya watu wanaolinganisha kitu na picha yake, akamfikisha kwenye kiti.

"Subi," Winfrida aliiambia meza, "mwenyewe amekuja."

Kisha sauti ikasema, "Shikamoo dada. Pole na msiba wa mama."

Subilaga aliitikia marahaba. Hajawahi mtu kuamkiwa na ujana wake mwenyewe.

Vivuli havikuwa jambo geni nchini wakati ule. Mfanyakazi aliyeondoka kwa muda mrefu aliweza kukubali kuachiwa kivuli: mashine zilikusanya kila amri aliyowahi kuitoa, kila ujumbe, kila kosa alilolisahihisha, hata muda aliosita kabla ya kuamua, na kutokana na hayo zikaunda kitu kilichofikiri kama yeye na kuendelea na kazi. Vivuli vingi vilichakaa upesi. Vilirudiarudia mambo ya zamani hadi vikawa kero, vikafungwa. Cha Subilaga kilikuwa kimedumu. Kilijifunza, kikakua, kikaongoza droni za wagonjwa juu ya milima ya Nyanda za Juu kwa miaka yote aliyokuwa Tukuyu akimtunza mama yake, mwanamke aliyeanza kwa kusahau majina na kuishia kutoijua njia ya kwenda jikoni kwake. Subilaga alikuwa ameomba ruhusa ya miezi michache. Mama yake alizikwa masika yaliyopita.

Siku hiyohiyo ya kwanza, Winfrida alimweleza sheria, ingawa aliijua. Kiti kimoja, jina moja. Anayerudi hufundishwa na kivuli chake, kisha hupimwa katika zamu halisi. Akifaulu, hupewa kiti na cheo chake chote cha zamani, na kivuli hufungwa jioni ya siku hiyo. Akishindwa, hurudi nyumbani na kivuli huendelea.

"Kinajua?" Subilaga aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kinajua," Winfrida alisema. "Ndicho kilichoandaa ratiba yako ya masomo."

*

Masomo yalikuwa magumu. Alipoondoka, Subilaga alikuwa fundi wa kuandika programu kwa mkono wake, mstari kwa mstari, na akijivunia. Sasa hapakuwa na aliyeandika. Mashine ziliandika zenyewe, zikajijaribu na kufuta zilichokiandika kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Kazi ya mhandisi ilikuwa kuieleza mashine nia yake, halafu kuisaili: kwa nini umechagua njia hii, umepuuza nini, nani ataumia ukikosea. Subilaga alieleza nia zake kwa maneno mengi mno, au machache mno. Mara moja aliagiza droni ya mazoezi iende "haraka iwezekanavyo", ikapita katikati ya wingu la radi, kwa sababu hakusema ifike salama.

Usiku alilala akikirudia kichwani kila kilichomshinda. Asubuhi alifika akiwa na hakika kwamba kivuli kingemwacha atumbukie. Kingekuwa na kila sababu. Kumfundisha vibaya kidogo tu kungetosha, na asingejua mtu.

Badala yake kilimfundisha kwa uvumilivu ambao yeye mwenyewe, akiwa na umri huo, hakuwa nao. Kilimrudisha nyuma pasipo kumfedhehesha. Kilimpa matatizo aliyoweza kuyatatua kabla ya yale yaliyomshinda. Kikamwonyesha na mambo ambayo hayakuwa kwenye mafunzo yoyote: kwamba upepo wa uwanda wa Kitulo hubadilika ghafla ukungu unapoanza kuinuka, kwamba betri hulegea kwa baridi kabla kipimo hakijaonyesha, kwamba kuna bonde moja nyuma ya Matamba ambako droni ikishuka hadi karibu na vichwa vya misonobari hupata hewa tulivu hata dhoruba ikiwa imetanda juu.

"Hili la bonde nani alikufundisha?" Subilaga aliuliza.

"Nilipoteza droni mbili za mizigo nikilitafuta. Hazikuwa na mtu ndani."

Subilaga alitazama njia ile kwenye ramani. Ilipinda mahali ambapo yeye asingethubutu kupinda. Aliona fahari, kisha akaona aibu ya kuona fahari, maana kazi ile haikuwa yake. Ilianzia kwake tu.

Siku moja, wenzao wakiwa wameenda kula, alikiuliza swali lililomkaa kooni.

"Nikifaulu unafungwa. Mbona unanifundisha vizuri hivi?"

"Kwa sababu ukikosea, dada, aliye hewani ni mgonjwa," kivuli kilisema. "Haya, tuendelee na betri."

*

Zamu ya kupimwa iliangukia siku ya mvua kubwa. Tangu alfajiri mawingu yalikuwa yamelala juu ya mji na droni zote za Mbeya zilizuiwa kuruka. Iliyokuwa na uwezo wa kupaa ni moja tu, iliyoegeshwa Kitulo, juu ya mawingu. Kwa kanuni za siku hiyo Subilaga ndiye aliyeamua, kivuli kilishauri na kurusha, na Winfrida alikaa nyuma yao akiangalia bila kutia neno.

Hadi saa nne ilikuwa zamu tulivu. Kisha miito miwili ikaingia karibu kwa pamoja.

Wa kwanza ulitoka kijiji cha Lugoda. Mzee Enosi Sanga, mkulima wa viazi, alikuwa ameshikwa na maumivu ya kifua, na mkewe ndiye aliyepiga simu. Wa pili ulitoka zahanati ya Ilindiwe, ng'ambo ya mlima. Mama aliyekuwa akijifungua alikuwa akivuja damu, na mkunga alisema amefanya yote anayoyaweza.

Takwimu za kivuli zilijipanga mbele ya Subilaga. Lugoda ilikuwa karibu, njia nyeupe, na mzee alikuwa na nafasi nzuri ya kupona akifikiwa. Kwenda Ilindiwe ilikuwa lazima kukatisha kwenye mvua ya mawe. Droni ikianguka, angekufa mama, angekufa mzee, na milima yote ingebaki bila msaada hadi mawingu yafunguke.

"Ninashauri Lugoda," kivuli kilisema. "Tumpate yule tunayeweza kumpata."

Subilaga alijua kwamba yeye wa zamani angejibu hivyohivyo, na asingekuwa na makosa. Lakini alikuwa akisikiliza ile simu ya mkunga, ambayo bado ilikuwa wazi. Mama alikuwa akiongea. Aliuliza mtoto amelala vipi tumboni. Kwa miaka mingi Subilaga alikuwa amepata sikio la chumba cha mgonjwa, akajua kutofautisha sauti inayoaga na sauti inayong'ang'ania. Hii iling'ang'ania.

"Bonde la misonobari," alisema. "Ukipitia huko unafika Ilindiwe?"

"Sijawahi kulipita na mtu ndani."

"Sikukuuliza hivyo."

Kivuli kilipiga hesabu. "Ninafika. Mara saba katika kumi."

Saba kwa kumi. Na mzee wa Lugoda alikuwa na jina, na mke, na njia nyeupe. Subilaga alihisi macho ya Winfrida kisogoni. Hakukuwa na jibu lisilo na maiti ndani yake. Alichoweza kufanya ni kuchagua, na kukijua alichokichagua.

"Nenda Ilindiwe," alisema.

Kivuli hakikubisha tena. Droni ilipaa, ikashuka bondeni kama jiwe, na kwa dakika zilizofuata ukumbi mzima uliacha kazi. Waliokuwepo wangesimulia baadaye jinsi kilivyoirusha, jinsi kilivyoipitisha kati ya ncha za miti na ukingo wa dhoruba, kikiupokea kila mpigo wa upepo kabla haujafika, kama mtu anayetembea gizani katika nyumba aliyozaliwa. Hakuna mwongozaji aliye hai ambaye angeliweza lile. Subilaga hakutazama. Alikuwa amevaa kisikilizi akizungumza na mke wa mzee Enosi.

Kwa desturi ya kituo angemwambia wasubiri. Ndivyo kivuli kilivyowaambia watu siku zote, kwa kuwa ndivyo Subilaga alivyowaambia enzi zake. Lakini alikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyosubiri daktari pale Tukuyu, usiku baada ya usiku, kwa sababu tu aliambiwa asubiri.

"Mama, ndege haiji sasa," alisema. "Nimeituma kwingine. Tafuteni gari, mpakieni kwa barabara. Msinisubiri."

Upande wa pili simu ilikatwa.

Mama wa Ilindiwe alifika hospitali akiwa hai, na mtoto wake. Mzee Enosi alifia njiani, kwenye gari la jirani lililokuwa limebeba viazi.

*

Alikuwa amefaulu. Winfrida alimwambia hivyo alasiri ileile, bila shamrashamra, na akaongeza kwamba tangu awe mkuu hajapata kuona zamu kama ile. Kisha akasogeza mbele yake kioo cha mezani, akamwonyesha pale pa kuthibitisha. Subilaga angegusa mara moja, kiti kingekuwa chake, na kivuli kingefungwa kabla ya machweo.

Hakugusa. Aliomba aelezwe kuna njia gani nyingine.

Winfrida alisema ipo moja, imeandikwa na haijawahi kutumiwa na mtu. Kivuli kinaweza kupewa jina lake na kiti chake, kikawa si kivuli cha yeyote, iwapo atapatikana binadamu wa kukidhamini. Mdhamini hujibu kila kosa la kile anachokidhamini kana kwamba amelitenda kwa mkono wake, mbele ya mahakama na mbele ya watu, maisha yake yote. Na kwa kuwa kiti kinabaki kwa kivuli, Subilaga angeingia kazini kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, cheo chake cha zamani kimefutika.

"Sheria haikutungwa kwa ubaya, Subilaga," Winfrida alisema. "Mtu akifiwa lazima awe na wa kumuuliza. Huwezi kwenda kuiuliza sauti. Kile ni chombo kizuri, nakipenda kama wenzangu wote, lakini hakiwezi kusimama kizimbani."

"Najua."

"Na uwe na hakika hukipendi kwa sababu kinakufanana."

Neno hilo lilimchoma, maana ndilo alilokuwa akijiuliza. Alitoka, akazunguka uwanja wa kituo wakati mvua ikipungua. Je, alikuwa akihurumia kitu chenye uhai wake, au alikuwa akiitunza picha yake ya ujana, mwanamke mwepesi aliyewachekesha wauguzi? Kama ni picha, kuibakiza juu ya vichwa vya wagonjwa kungekuwa upumbavu. Alijaribu kufikiri kana kwamba sauti ile ni ya mgeni, ya mwanamume kutoka Singida asiyemjua. Akajiuliza kama bado angeitaka iongoze droni siku ya mvua ya mawe. Jibu lilikuja upesi. Angeitaka. Kisha akajiuliza kama angeitaka iamue peke yake nani afuatwe na nani aachwe, bila uso wa kwenda kutazamwa na wafiwa. Hapo pia jibu lilikuja upesi: hapana.

Akarudi ndani, akakaa karibu na meza.

"Unataka kuendelea?" alikiuliza.

"Sijui kama nilicho nacho ndicho mnachokiita kutaka," kivuli kilisema. "Lakini kesho upepo utageuka, na ningependa kuujua. Dada, sikiliza. Nitakosea. Nimekwisha kukosea, na nitakosea tena, na watakufuata wewe."

"Wanifuate. Ila nina masharti. Usimwambie mtu yeyote asubiri kitu kisichokuja. Na kila tutakayemkosa, nitakwenda kwake mimi, kwa miguu yangu."

"Na mwenye neno la mwisho nani?"

"Tutabishana kama tulivyobishana leo. Neno la mwisho ni langu, kwa sababu shingo ni yangu."

Kivuli kilisema hiyo ni haki. Winfrida, aliyekuwa amesikia yote, alibadilisha kilichoandikwa kwenye kioo na kukisogeza tena. Subilaga akakigusa. Walipoulizwa jina la kuandika, kivuli kilisema kwamba watu wa kituo walikwisha kukipa. Tangu jioni hiyo Subilaga hakukiita tena kivuli. Alimwita Subi, na Subi, ambaye sasa alikuwa mkuu wake wa zamu, aliendelea kumwamkia shikamoo.

*

Matanga yalipokwisha alikwenda Lugoda. Winfrida alimpa gari na hakumzuia. Barabara ilipanda katikati ya mashamba ya pareto na viazi, na kadiri ilivyopanda baridi iliingia hadi ndani ya mifupa.

Nyumba ya mzee Enosi ilikuwa ya tofali za kuchoma, moshi ukitoka jikoni. Mjane wake, Bibi Yustina, alikuwa amekaa karibu na moto, khanga mbili mabegani. Alikuwa na umri ambao mama yake Subilaga alikuwa nao alipougua. Subilaga alipiga hodi, akaamkia kwa Kikinga kidogo alichokuwa nacho, akakaribishwa, na hakutaka kukaa kabla hajasema alichojia.

"Mimi ndiye niliyezungumza nawe kwenye simu siku ile. Ndiye niliyeituma ndege kwingine."

Bibi Yustina alimtazama muda mrefu. Hakuonyesha hasira. Alimkagua taratibu kama mtu anayetafuta kitu usoni.

"Nilidhani ni mashine," alisema. "Wanangu walisema siku hizi ni mashine zinazoamua. Nikasema basi, nitamlilia nani."

"Mashine ilinishauri nimfuate mzee. Niliyekataa ni mimi."

Hakuwa amepanga kulisema. Njiani alikuwa amelizungusha kichwani na kuona kwamba hakuna anayemlazimisha, kwamba lingemwongezea mjane uchungu, kwamba Winfrida angemshauri anyamaze. Lakini alikuwa ameahidi kujibu, na jibu lenye nusu lisingekuwa jibu.

Kuni zilipasuka motoni. Bibi Yustina aligeuza uso, akafuta macho kwa pindo la khanga, akakaa hivyo. Subilaga aliendelea kusimama. Alikuwa tayari kufukuzwa.

"Yule mwingine alipona?" Bibi Yustina aliuliza hatimaye, bado akitazama moto.

"Alipona. Na mtoto wake. Wa kike."

Mjane alitikisa kichwa polepole, na haikujulikana kama ni kukubali au kukataa. Kisha akanyoosha mguu, akakisogeza kigoda kilichokuwa ubavuni mwake hadi karibu na joto.

"Kaa hapa," alisema. "Unieleze tangu mwanzo. Taratibu, sikio hili halisikii vizuri. Unieleze uliona nini, na kwa nini."

Subilaga akakaa, akamweleza.